Siku Saba Bila Kusogelea Ng'ombe

Shangazi yangu alikuwa akinuka dawa. Si dawa ya hospitali, ni ile wanayochanganya kwenye birika la sakafuni pale kituo cha mifugo, ili kila kwato na kila kiatu kinachovuka mpaka kikanyage humo kwanza. Alioga mara mbili kwa siku, mara moja kazini na mara moja nyumbani, akajisugua kwa sabuni ya kipande mpaka viwiko vikapauka, na bado harufu ilifika kabla yake. Mama, ambaye ni wifi yake, alisema hana haja ya kuuliza nani yuko mlangoni, pua imeshamjibu.

Tulipanga nyumba moja, ile ya vyumba sita vilivyofuatana kama mabehewa, sisi cha tatu, yeye cha nne. Baba, ambaye ni kaka yake, anafanya kazi mbali na huja mara mbili kwa mwaka. Shangazi hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili, na ovaroli mbili za buluu zilizopokezana zamu kwenye kamba. Mimi niliachia shule darasa la tano na tangu hapo nimekuwa mtu wa nyumbani, kwa hiyo mengi ya haya nimeyaona mwenyewe. Yale ambayo sikuyaona alimsimulia mama, kidogo kidogo, huku akikunja nguo.

Kazi yake ilikuwa kwenye zizi la karantini. Ng'ombe wanaotoka upande wa pili hawaingii moja kwa moja kwetu. Wanakaa pale zizini siku ishirini na moja, wanaangaliwa ulimi, ufizi na katikati ya kwato kama wana malengelenge, maana ugonjwa wa miguu na midomo ukishapata mlango hauulizi huyu ng'ombe ni wa nani. Shangazi aliwalisha, alifagia, alipulizia dawa magurudumu ya malori kwa pampu ya mgongoni, na alisoma kwa sauti namba za hereni za masikioni ili Daktari aandike. Huyo Daktari ni wa mifugo, na ndiye mkubwa wa kituo.

Sasa, watu wa zizini wana sharti lao. Ukishashika mnyama wa karantini, huruhusiwi kusogelea mnyama mwingine yeyote mwenye kwato nje ya kituo mpaka siku saba zipite. Wenzake walilichukulia sharti hilo kama tangazo la ukutani, mtu analisoma huku anapita. Shangazi alilala nalo na kuamka nalo. Na kwa kuwa hapakuwa na juma alilokaa bila kushika ng'ombe, hizo siku saba hazikuwahi kutimia hata mara moja.

Katika mji wetu nusu ya watu wana mbuzi uani. Basi shangazi hakuingia nyumba ya mtu. Akienda kumjulia hali mgonjwa alisimama barabarani akapaza sauti, mpaka siku moja mgonjwa akamjibu kwamba anaendelea vizuri, ila sasa mtaa mzima umejua kuwa anaharisha. Wanawake wenye mbuzi wakimwona anakuja walitaka kuvuka wapite upande wa pili wa barabara, na yeye, ili wasione haya, aliwawahi kuvuka. Miaka tisa aliishi hivyo, akivuka barabara.

Halafu alikuwepo Taratibu.

Hilo ni jina walilompa pale kituoni, kwa sababu ndilo neno alilowaambia ng'ombe, na watu pia. Alikuwa mswaga ng'ombe, mtu wa makamo, mrefu, shingo imeinama kidogo kama anayemsikiliza mtu mfupi. Kila mwezi alileta ng'ombe wa matajiri, ishirini, thelathini, akawakabidhi na kurudi kwao. Wake mwenyewe alikuwa mmoja tu, jike jekundu lenye pembe moja iliyopinda kuelekea chini, aliyeitwa Mama Njia. Huyo hakuwa wa kuuzwa. Kazi yake ilikuwa kutangulia. Ng'ombe mgeni anaogopa birika la dawa, lakini akimwona mwenzake anakanyaga bila wasiwasi, naye anakanyaga. Mama Njia akishawafikisha wenzake mlangoni mwa zizi, yeye haingii, anageuzwa pale pale uwanjani, anaoshwa kwato, anarudi na bwana wake.

Mwosha kwato alikuwa shangazi. Ng'ombe mwingine kumwosha ni dakika tano, Mama Njia alichukua nusu saa. Mama akamuuliza, "Wifi, hivi huyo ng'ombe ana miguu mingapi?"

Shangazi akasema minne, ila ana matope sana. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Siku ya tangazo la ugonjwa ilikuwa kavu kabisa, haikuwa na matope ya kusingizia. Saa sita mchana habari zilifika kwamba ugonjwa umeonekana kwenye shamba moja upande wetu. Upande wa pili ukafunga saa hiyo hiyo: ng'ombe yeyote aliyekanyaga kwetu asiingie kwao. Upande wetu nao ukasema mnyama aliyekwisha kutoka asirudi. Taratibu na Mama Njia walikuwa wameshapita geti letu na walikuwa hawajafika geti la kwao. Katikati ya mageti hayo pana hatua kama mia tatu za vumbi, mti mmoja wa miiba, na kibanda cha zamani cha mlinzi kisicho na mlango. Askari wa kule akamwambia, wewe pita mzee, ng'ombe abaki. Askari wa huku akamwambia, wewe rudi mzee, ng'ombe abaki. Akaona wote wawili wanasema kitu kimoja. Akakaa chini kwenye kivuli cha ng'ombe wake.

Siku zote alikuwa akiondoka saa tano. Siku hiyo alitoka saa sita kasoro dakika tano, kwa sababu shangazi alikuwa amemchemshia chai. Hilo Daktari hakuambiwa. Aliambiwa mama tu, na shangazi alilisema akiwa amegeukia ukuta.

Basi wakawa wanaishi mle katikati, mtu na ng'ombe wake. Daktari alichora mstari wa chokaa hatua sita kutoka kwenye uzio, Mama Njia asiuvuke. Shangazi alipeleka majani makavu na maji mpaka uzioni, Taratibu akavipokea juu ya chuma. Jioni saa kumi na moja, kazi ikiisha, shangazi alirudi pale tena bila majani wala maji. Alisimama upande wake, Taratibu akasimama upande wake, wakaongea. Daktari aliwaona akawaacha, kwa kuwa sharti halikusema chochote juu ya watu kuongea.

Nilichokiona mimi ni kwamba alinunua kikombe cha pili. Na siku moja nilimsikia chumbani akiimba, tena vibaya. Mama akasema jamani, karantini imemnonesha mtu.

Shangazi hakukataa. Alisema ni jambo la aibu, ng'ombe wa watu amekwama juani, wewe moyoni unaomba wasifungue.

Ilipofika siku ya kumi na mbili, Taratibu alimwambia shangazi maneno ambayo baadaye mama alimtaka ayarudie mara tatu, ili asikose hata moja. Alikuwa ameegemea uzio, hamtazami, anamtazama ng'ombe.

"Mimi siwezi kuja kwako na huyu," alisema. "Na kumwacha siwezi, unajua."

Shangazi akasema anajua.

"Lakini wewe huna kwato."

"Sina."

"Sasa kwa nini usipite wewe?"

Miaka tisa shangazi alikuwa akisimamia geti lile na haikuwahi kumjia kwamba yeye ni mtu wa kupita. Taratibu akamweleza, kwake kuna nyumba ya vyumba viwili, kisima hakiko mbali, na zizi dogo la ng'ombe mmoja nyuma ya jiko. Shangazi alisikia yote, lakini lililomkaa kichwani ni hilo la zizi nyuma ya jiko.

"Wifi, unangoja nini?" mama alimwambia. "Kibali?"

Asubuhi yake akaenda kwa Daktari. Daktari alikuwa na habari: upande wa pili umekubali kwamba Mama Njia akitimiza siku ishirini na moja pale katikati bila dalili, watamfungulia asubuhi moja arudi kwao, halafu wafunge tena. Shangazi akahesabu kwa vidole palepale mezani. Akianza likizo leo, zile siku saba bila kushika ng'ombe zinatimia kabla ya geti kufunguliwa, na moja inabaki ya akiba. Daktari alimsainia likizo bila kupenda. Alimwambia, "Miaka tisa hujawahi kuomba. Nilidhani hujui kama zipo."

Mabuti na pampu alimkabidhi mfagiaji wa ofisi, bwana mmoja mwembamba tuliyemwita Kiherehere. Kwa kuwa ng'ombe ni ng'ombe hata akiwa wa Taratibu, shangazi hakuweza tena kwenda uzioni. Alimtuma askari amwambie Taratibu kwamba hamkimbii, anahesabu. Asubuhi ya kufunguliwa watakutana getini, yeye na begi lake.

Sijawahi kuona mtu asiyejua kukaa kama shangazi siku zile. Siku ya kwanza alifua kila kitu mpaka pazia. Siku ya pili alilifua pazia tena. Siku ya tatu alikata kucha, akapanga begi, akalipangua, akampa mama jiko lake la mafuta, baadaye akalifuata ili achemshe chai. Alikwepa njia ya mbuzi kwa kuzungukia nyuma ya kiwanda cha matofali, hata kwenda dukani tu. Siku ya nne aligonga mlango wetu na mama akauliza, nani? Tukatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuuliza. Shangazi alisimama mlangoni akijinusa mkono, na alikuwa akitabasamu kama mtu aliyepewa shikamoo na mtoto mdogo asiyemjua.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, Kiherehere alikuja mbio na mabuti miguuni. Alisimama mbali, barabarani, kwa adabu, akasema kwa sauti kwamba kuna ng'ombe zizini anazaa na mambo hayaendi. Mguu mmoja umetoka, wa pili haupo. Daktari yuko kwenye mkutano, simu haipatikani.

Shangazi alikuwa kizingitini anachambua mchele. "Tangu saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Kichwa umekigusa?"

"Mimi ni mtu wa ufagio, dada. Humo ndani sijui kichwa kiko wapi."

Shangazi aliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe kimoja akakitupa, akatoa kingine. Nilikuwa kando yake na niliona vidole vinaokota punje nzuri na kuzitupa. Mama alisema polepole kwamba kituo kina watu, na yeye yuko likizo. Shangazi akasema ndiyo. Kisha akamuuliza Kiherehere kule barabarani, "Analia?"

"Alikuwa analia. Sasa ameacha."

Akaweka ungo chini akaondoka. Hakuvaa hata viatu vya maana, alikwenda na ndala.

Alirudi saa tisa, nywele mbichi, na harufu ilikuwa imefika kabla yake. Ndama ni mzima, jike, alisema. Aliingiza mkono mpaka begani, akaukuta mguu umekunjika nyuma, akaunyoosha. Mama wa ndama amesimama na anakula. Alisema hayo kama anayesoma namba za hereni. Halafu akaongeza kwamba yule dume wa kona ya mwisho anadondosha udenda na hataki chakula, na amemwagiza Kiherehere amwambie Daktari mara tu akifika.

Mama alimkalisha kitandani kwetu. Akamwambia basi yamekwisha, ndama amepona, na Kiherehere ameapa kwamba hakuona kitu. Aoge vizuri, apumzike, siku ya geti achukue begi lake aende.

"Saba zinaanza upya kesho," shangazi alisema.

"Wifi, geti ni baada ya siku nne."

"Hesabu naijua."

"Nani atajua?"

"Mama Njia," shangazi akasema. "Nitamwingia jikoni na udenda wa lile dume chini ya kucha. Mtu ana ng'ombe mmoja."

Mama akachukua ndoo akaenda kumtekea maji ya kuoga.

Asubuhi ya kufunguliwa, tulikwenda mimi na mama. Shangazi alibaki juu barabarani, kwenye tangi la maji, ambako unaona lakini huwezi kumgusa mtu wala mnyama. Mama alimweleza Taratibu yote, tangu mguu wa ndama mpaka udenda, mkono wake umeshika chuma cha uzio. Taratibu alisikiliza na shingo yake ile. Ndevu zilikuwa zimemwota na shati limegeuka rangi ya vumbi. Alitazama juu kwenye tangi muda mrefu. Hakupunga mkono, na shangazi naye hakupunga.

"Mwambie amefanya sawa," alisema. "Mwambie nyumba ni ya kwanza ukishuka kilima, ina mlango wa kijani. Saba si nyingi. Nitangoja."

Upande wa kule walimwita. Mama Njia alifika kwenye birika lao akasimama, akanyanyua mguu wa mbele, akangoja. Askari wa kule hakuelewa ng'ombe anataka nini, akampiga kofi la mgongo. Taratibu akasema neno lake, na ng'ombe akashusha mguu, akakanyaga dawa, wakapita. Geti likafungwa.

Majibu ya vipimo vya lile dume yalikuja wakati shangazi amefikisha siku ya tano ya hesabu mpya. Yalikuwa mabaya. Zizi zima, ng'ombe ishirini na sita, iliamriwa wauawe na kufukiwa kwenye shimo la chokaa, na hapo hakuna kusema uko likizo, kwa sababu wanaojua kuwashika ng'ombe walioogopa pale kituoni ni Daktari na yeye. Alishika kamba siku mbili. Yule ndama hakuhitaji kamba, alimfuata mwenyewe. Hilo alilisema mara moja, na mama hakumwambia arudie.

Daktari akabandika sharti jipya. Aliyeshika wanyama wale asisogelee mifugo popote, wala asivuke mpaka, hadi siku thelathini zipite tangu shimo lifukiwe. Zile saba zikawa thelathini. Shangazi alijaribu kutuma salamu, lakini watu waliovuka na mizigo yao hawakuwa wakijua nyumba yenye mlango wa kijani, au walisema watapeleka salamu na hawakurudi kusema kama zilifika.

Alirudi kazini, kwa maana ya kwamba alivaa ovaroli na kwenda. Zizi lilikuwa tupu. Alipiga ukuta chokaa, alisugua sakafu, alipulizia magurudumu. Mvua haikunyesha mwezi ule wala hapakuwa na dalili yake, na majani kando ya barabara yakawa rangi ya kamba. Jioni alipita kwetu akaketi, mama akamtania kidogo, akacheka kidogo. Kikombe cha pili alikileta kwetu, akasema sisi ni wengi.

Siku ya thelathini na moja alioga mara tatu. Alivaa gauni la maua ambalo sikujua analo. Mama alimsindikiza mpaka kona, akamwambia asisahau watu. Shangazi akapita geti kwa miguu yake, begi mkononi, na Kiherehere alimfungulia kama mtu mkubwa.

Nyumba ilikuwa ya kwanza ukishuka kilima, mlango wa kijani, na mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nyuma ya jiko palikuwa na nguzo ya kufungia ng'ombe na samadi iliyokauka mpaka imekuwa nyepesi. Bibi wa nyumba ya jirani alimwona akizunguka, akamuuliza kama yeye ndiye mwosha kwato. Akamwambia kwamba Taratibu alingoja. Alisema saba, zikapita, akangoja tena saba, kisha akasikia kwamba ng'ombe wa kituo wamefukiwa na watu wamezuiwa, akangoja tena. Mpaka majani yakaisha. Mama Njia alianza kuonesha mbavu. Hapo ndipo alipofunga mlango akamswaga kwenda alikosikia mvua imenyesha, mbali, hakusema wapi kwa sababu na yeye hakujua. Bibi akasema juzi tu hii, siku nne.

Shangazi aliuliza kama ng'ombe alikuwa mzima.

"Mzima," bibi alisema. "Amekonda, lakini mzima."

Haya ya mwisho tulisimuliwa na Kiherehere, maana shangazi mwenyewe hakuyasema. Alirudi getini saa nane mchana, gauni lina vumbi mpaka magotini. Kila anayeingia huulizwa swali lile lile na kuandikwa daftarini, na siku hiyo mwenye daftari alikuwa Kiherehere. Alitamani kuliruka, lakini shangazi alisimama mbele ya meza akangoja aulizwe kama watu wengine. Basi akamuuliza, huko ulikotoka umesogelea mifugo yoyote?

"Hapana," shangazi akasema.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Andika."